Sakafu ya Wasiojiweza

Tarehe 10 Novemba 1981, tawi la Chama la mtaa mmoja wa Mwananyamala lilimwandikia Romani Nangonga barua ya mistari minne, yenye mhuri, likimruhusu kununua mahitaji ya nyumba yake kwenye duka la ushirika "bila kupanga foleni, kwa kuwa ana mguu mmoja".

Mguu wa pili aliuacha kwenye kiwanda cha mbao. Alitoka Newala mwaka 1959, akabeba magogo kwa miaka kumi na mitano, mpaka siku gogo lilipokataa kubebwa likamteremkia. Alipotoka hospitali alirudi kwenye kazi aliyofundishwa na baba yake, ya kuchonga. Mpingo ukipatikana alichonga vinyago. Usipopatikana, na miaka hiyo mara nyingi haukupatikana, alichonga miko ya ugali. Misheni ilimpa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, na kwa baiskeli hiyo alifika popote palipo na lami au udongo mgumu.

Duka la ushirika halikuwa na lami wala udongo mgumu. Mbele yake palikuwa na mchanga, na foleni ilisimama ndani ya mchanga huo tangu alfajiri. Mtu mwenye miguu miwili hulalamikia jua. Romani hakulalamikia jua. Foleni ilipojongea hatua moja, magurudumu yake yalizama, na ilibidi aombe mtu wa nyuma amsukume. Ikijongea tena, aombe tena. Kwa asubuhi moja aliwahi kuomba mara thelathini na nne. Alihesabu. Watu hawakumkatalia, lakini kufikia mara ya ishirini walikuwa wanasukuma bila kumtazama.

Basi mwaka ule, ambao dunia nzima ilitangaza kuwa ni mwaka wa walemavu, na viongozi wa matawi wakatakiwa waeleze wamefanya nini, Romani alisimama kwenye mkutano kwa magongo yake, akasema jambo dogo. Ubavuni mwa duka palikuwa na sakafu ya saruji yenye mteremko, aliyoimwaga mwenye duka wa zamani kwa ajili ya kushushia magunia. Sakafu ilielekea kwenye dirisha la pembeni. Kwa nini wasiojiweza wasingoje hapo, na wanawake wenye watoto wachanga pamoja nao, na dirisha likahudumia mmoja wa sakafu kwa kila watano wa foleni? Walipiga makofi. Mstari wa chokaa ukachorwa, na maneno ukutani. Romani akapewa barua yake, na bibi Anastasia, asiyeona, akapewa ya kwake. Tangu siku hiyo Romani aliinunulia nyumba yake mwenyewe. Mkewe, Filomena, alikuwa na shamba Kibamba, na siku nne za wiki aliondoka kukiwa hakujakucha. Binti yao Margareta alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nguo, na mume wa Margareta alikuwa Tanga kwenye mkonge. Kwa hiyo sukari, sabuni na mafuta ya taa ya watu wanne, ukiwahesabu pamoja na Fransis, mjukuu wa miezi minane, viliingia ndani kwa mikono ya Romani. Hakulisema hilo kwa mtu, ila lilimfanya akae mezani kwa namna nyingine.

Mwezi wa kwanza sakafu ilikuwa na watu saba. Mwezi wa tatu ilikuwa na watu arobaini.

Kijana mmoja wa gereji alifika Jumatatu na bandeji kwenye goti la kushoto, na Alhamisi bandeji ikawa goti la kulia. Mwanabaraka, muuzaji wa dirisha la pembeni, alimwuliza kama ugonjwa wake unahama nyumba. Watu walicheka, naye akacheka, akauziwa sabuni. Pikapu ya ofisi moja ya serikali, ambayo dereva wake alikuwa na mazoea na watu wa stoo, iliegeshwa juu ya sakafu kila shehena ilipofika, kwa hoja kwamba kwingine kote ni mchanga, matairi yatazama. Ilikuwa hoja ile ile ya Romani. Siku za pikapu alingoja chini ya mteremko, gurudumu moja mchangani, mpaka dereva amalize mazungumzo yake ndani.

Lakini walioijaza sakafu hasa walikuwa watoto. Mtaani pale mtoto mchanga aliazimwa kama kinu kinavyoazimwa: unakwenda uani kwa jirani, unasalimia, unaulizia afya za watu, kisha unasema shida yako. Unamrudisha mtoto akiwa mzima, na juu yake kiganja cha sukari au kipande cha sabuni. Wanawake wa foleni waliwapa watoto hao jina la vibali. "Leo nimekuja bila kibali," mmoja angesema, na mwenzake angemwelekeza nyumba ya kuazima. Romani aliiona kofia moja ya sufu ya kijani ikipita dirishani mara tatu kwa asubuhi moja, kila mara juu ya mgongo mwingine. Mtoto mwenyewe hakumwona. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga na kuvikwa kofia ni mtoto yeyote.

Machi 1982 wanawake wawili walipigana juu ya sakafu. Mmoja alimwambia mwenzake amrudishe mtoto kwa mama yake kabla hajasahau sura yake, na mwenzake akavua kanga ya kichwani. Tawi likaagiza kamati ya duka imalize ugomvi huo kabla ya Jumamosi ya tarehe 24 Aprili. Isipomaliza, chokaa itafutwa na kila mtu arudi mchangani.

Katibu wa kamati ya duka alikuwa Leodegar, mtu wa Bukoba, karani kwa kazi na kwa tabia, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimwita Romani, kwa kuwa sakafu ilikuwa wazo lake. Romani alikuwa amekwisha fikiri. Wiki ya tarehe 19 sukari ingefika, na kila nyumba ingechukua mgawo wake mara moja tu. Akapendekeza kila mtoto atakayeletwa dirishani apakwe nukta moja chini ya unyayo, kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, ambayo haitoki kwa sabuni. Jumamosi wenye watoto waitwe. Mtoto mwenye nukta moja ni mtoto wa mamaye. Mwenye mbili na zaidi ameazimishwa.

"Na mwenye mbili tutamfanya nini?" Leodegar aliuliza.

"Nyumba ya mtoto huyo itoke kwenye sakafu miezi mitatu."

"Nyumba nzima?"

"Mtoto hajiazimishi."

Leodegar aliandika. Aliongeza jambo moja la kwake: wanawake wasiambiwe sababu. Mwanabaraka aseme kwamba tawi linahesabu watoto wa mtaa. Romani hakuupenda uongo huo, lakini alikuwa amechoka kuona sakafu yake ikigeuka soko, akauacha upite.

Jumanne alichukua sukari yake mapema, peke yake. Siku zilizofuata alikaa nyumbani akichonga, akisubiri Jumamosi bila furaha, kama mtu anayesubiri mtego alioutega mahali ambapo hata mbuzi wa majirani hupita.

Ijumaa mchana Margareta alikuwa zamu, Filomena alikuwa Kibamba. Siku kama hizo Fransis alishinda kwa Tabu, jirani wa ukuta mmoja, Mzaramo mwenye watoto wakubwa na sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Mpango huo ulikuwa wa tangu mtoto ana miezi mitatu: vumbi la mbao lilikuwa linamkohoza. Siku hiyo Tabu alimrudisha mapema, akamweka mapajani mwa babu yake, akaenda kuanua nguo. Mtoto alikuwa amejikojolea. Romani alimvua soksi alizofumiwa na Filomena, ili zisilowe. Unyayo wa kushoto ulikuwa na nukta tatu za zambarau. Wa kulia ulikuwa na mbili.

Alizihesabu tena, kana kwamba hesabu ingeweza kumwonea huruma.

Tabu aliporudi na nguo begani alimkuta ameushika mguu. Hakushtuka hata kidogo. Alieleza kwa fahari kwamba kuna hesabu ya watoto wa mtaa, na kwamba Fransis amehesabiwa mara tano, na kwa akili yake yeye Tabu, mtaa ukionekana una watoto wengi, mgawo wa mwezi ujao hauna budi kuongezwa. Wanawake wote wanasema hivyo. Wapo waliorudi dirishani makusudi ili waandikwe tena.

"Mtoto wenu mmoja katuletea watu watano, shemeji," alisema. "Huyu ana baraka."

Romani alimweleza nukta ni za nini. Alieleza polepole, sehemu kwa sehemu, mpaka kwenye miezi mitatu. Tabu aliketi juu ya gogo lisilochongwa. Nguo ziliteremka begani, hakuziokota.

"Nani kabuni jambo la kishetani namna hiyo?"

"Mimi."

 Tabu akacheka, kicheko kifupi.

"Basi umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, Mmakonde wewe."

Romani alimwuliza ni kwa nini hakuwaambia. Tabu akajibu kwamba hakuona cha kuambia. Mtoto kuazimwa ni neno? Na sukari ya uji wake walidhani inatoka wapi? Mgawo wa nyumba ya watu wanne unakwisha siku ya tisa, yeye amepiga hesabu hiyo jikoni anapompikia mtoto mwenyewe. Tangu Januari Fransis hajanywa uji mchungu hata siku moja. "Na chai unayoninywea kwangu kila Jumapili," alisema, "unafikiri mie naitilia sukari gani? Mie sina kibali, shemeji. Sina hata mguu mbovu."

Hakuwa anamtukana. Alikuwa anaeleza mambo yalivyo, na Romani alilijua hilo, ndiyo maana alishindwa kukasirika. Alijaribu. Hasira ilikuja nusu ya njia ikarudi, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Tabu alipoondoka, Romani alifanya jambo ambalo baadaye alilisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akausugua unyayo wa mtoto. Zambarau ilipauka, haikutoka. Akajaribu limau. Ngozi iliiva ikawa nyekundu, Fransis akalia, na Romani akakiweka kitambaa chini. Alikaa na mtoto yule akimpuliza unyayo mpaka akasinzia.

Filomena alifika saa kumi na moja jioni na mzigo wa mchicha, udongo wa Kibamba ukiwa umemfika magotini. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, mahindi yalikuwa na wiki tatu, na magugu yalikuwa yanayakimbiza. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno, na ushauri wake ulikuwa mmoja: kesho ataondoka na mtoto kwenda shamba. Watoto walioitwa watakaguliwa, Fransis hatakuwepo, na ikifika Jumamosi nyingine ngozi itakuwa imebadilika.

"Mwanabaraka anamjua," Romani alisema.

"Mwanabaraka anajua mangapi na anauza."

"Wakimwuliza?"

"Hawatamwuliza kuhusu wewe, Baba Margareta. Wewe ndiye mwenye sakafu."

 Ilikuwa kweli kwamba hawatamwuliza. Na ilikuwa kweli pia kwamba wanawake watano wa mtaa walimbeba Fransis wiki hiyo, na kila mmoja ana mdomo. Nyumba zitakazotolewa Jumamosi zitakapojua kwamba nyumba ya mwenye kanuni imepita pembeni, hakuna atakayeheshimu mstari ule hata siku mbili. Tawi litafuta chokaa. Bibi Anastasia atarudi kusimama mchangani akishika mgongo wa mtu asiyemjua, na yeye, Romani, atarudi kuomba kusukumwa. Alimwambia Filomena hivyo. Filomena alinawa miguu, akasema uamuzi ni wake, lakini ajue kwamba miezi mitatu hiyo mtu wa kusimama foleni atakuwa yeye Filomena, na magugu hayatasimama kumngoja. Kisha akaingia kupika.

Jumamosi kamati ilikutana kwenye baraza ya duka saa tatu asubuhi. Walikuja wanawake kama sitini. Pikapu nayo ilikuwepo, juu ya sakafu, milango imefungwa. Ilikuwa imeleta mafuta ya kupikia. Leodegar alisoma azimio, safari hii pamoja na sababu yake ya kweli, na minong'ono ikapanda kama maji ya moto. Mwanamke mmoja wa nyuma alisema kumbe wamehesabiwa kama mbuzi wa mnada. Mwingine alionyesha pikapu kwa kidole, akauliza kwa upole kabisa:

"Na lile, Ndugu Katibu, tulipake wapi? Halina unyayo."

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Leodegar alisema jambo la magari litapangiwa kikao chake. Hakusema lini, na hakuna aliyeuliza tena.

Ukaguzi ulikwenda upesi. Soksi zilivuliwa, miguu ikageuzwa. Wengi walikuwa na nukta moja. Wanne walikuwa na mbili, na mama zao walijitetea kila mmoja kwa namna yake: ni pacha, alipakwa kwa bahati mbaya, ni shangazi yake aliyemchukua. Majina ya nyumba nne yakaandikwa. Leodegar alikuwa anafunga daftari Romani aliposogeza baiskeli yake mbele, mtoto mapajani, akamvua soksi zote mbili mwenyewe.

 Leodegar aliinama, akahesabu, akainuka. Alivua miwani.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza, ingawa alimjua.

Tabu ndiye aliyejibu, kutoka katikati ya watu. Alisema kwamba mwenye kumwazimisha ni yeye, kwa mikono yake, mwenye mtoto hakujua, na kama kuna wa kuadhibiwa basi aandikwe yeye. Leodegar aliikamata kauli hiyo kwa haraka ya mtu aliyerushiwa kamba. Alisema kamati imesikia, kosa ni la jirani, Ndugu Romani anafahamika kwa uaminifu wake, na kanuni kwa kweli ilikusudiwa kwa wale wanaofanya jambo hilo kuwa biashara. Alikuwa amekwisha geuza ukurasa.

Wanawake wanne walioandikwa walikuwa wanamtazama Romani. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa wiki sita.

"Tabu hana nafasi ya kutolewa," Romani alisema. "Ukimwandika yeye hujaandika mtu."

"Ndugu Romani, wewe una barua ya tawi."

"Kanuni inasema nyumba ya mtoto. Niliposema nyumba sikusema ya nani. Andika."

"Utakwendaje kwenye foleni?"

"Kama nilivyokuwa nakwenda."

Leodegar alitafuta mtu wa kumsaidia miongoni mwa wanakamati, na wanakamati wakatazama mchanga. Kisha akaandika. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, jina zima. Hapakuwa na makofi. Mwanamke mmoja kati ya wale wanne alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba sasa na yeye hana la kusema, akamfunga mwanawe mgongoni akaondoka. Wengine walimfuata wawili wawili.

Tabu alimsindikiza Romani nyumbani, akisukuma baiskeli penye mchanga ingawa hakuombwa. Njiani alimwita mpumbavu mara mbili. Mara ya tatu aliacha katikati ya neno, akamwuliza kama mtoto amekula.

Mstari wa chokaa ulibaki. Tawi liliridhika, na wiki iliyofuata sakafu ilikuwa na watu kumi na moja, bibi Anastasia akiwa wa kwanza. Romani alipoulizwa na jamaa zake wa Newala ni kwa nini alijitia kitanzi mwenyewe, alisema hakujitia kitanzi, alichoka tu. 

Adhabu ilikuwa ya kuanzia Jumatatu, tarehe 26 Aprili, hadi tarehe 26 Julai. Siku ya kwanza Romani alikwenda foleni mwenyewe. Saa tano mchana alikuwa hajafika nusu, mikono imemlegea kwa kushika magurudumu yasiyotaka kugeuka, na alipobakiwa na watu tisa mbele yake sabuni ikaisha. Jioni Filomena alihesabu siku za wiki kwa vidole. Akaamua kwamba Kibamba atakwenda Jumatano na Jumamosi tu, na siku nyingine atasimama yeye. Nusu ya juu ya shamba, iliyo mbali na kisima, hawataipalilia mwaka huu.